Chini ya Meza ya Maharusi

Hippolyte alikimbia vita vya Kongo angali kijana, akavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, ujana wake wote ukaishia kambini. Baadaye akapelekwa Kanada pamoja na wakimbizi wengine. Huko walimpa nyumba ya joto yenye kengele ya moshi darini. Alipokaanga samaki kwa mara ya kwanza, kengele ililia. Akatoka pekupeku, akalala kifudifudi kwenye theluji nyuma ya gari la jirani. Jirani akaita polisi, polisi wakaita daktari. Daktari alimfundisha kwamba hofu ikimshika, apumue polepole na kutaja kila anachokiona. Hippolyte akataja theluji, kisha theluji nyingine.

Mwishowe alirudi kwao Kalemie, kwa mdogo wake Dorothée. Jamaa walikuwa wakimngoja tajiri, wakapokea mtu anayelala na viatu. Mashangazi walisema Wazungu wamemharibu, mchungaji akasema ni roho ya ukoo. Hippolyte alikubaliana na wote, maana kubishana kulichukua muda mrefu zaidi.

Kisha Daniella, binti wa Dorothée, akaolewa na kijana wa Kabimba anayefanya kazi kwenye kiwanda cha simenti. Karamu ilifanyika hukohuko, mchana. Hippolyte akiwa mjomba, alipewa mikro aseme shukrani kwa ukoo wa bwana harusi. Alikuwa amefika kwenye "tumepokea kwa furaha" pale machimboni mwa kiwanda walipolipua mwamba kwa baruti. Wenyeji waliendelea kula.

Alipojitambua alikuwa chini ya meza, ameshika mguu wa bwana harusi. Pembeni yake alilala mama mzima mwenye kitenge kipya. Alikuwa Mama Viviane, shangazi wa bwana harusi, aliyetoka Bendera kwa ajili ya ndoa hiyo.

"Wanapasua mawe tu, Mama," Hippolyte akamwambia.

"Najua ni mawe. Magoti njo hayajui."

Hippolyte akamuuliza kama na yeye alikimbilia ng'ambo. Akajibu kwamba hakufika mbali. Vita vilimkuta shambani, akajificha porini na watoto, wakarudi pungufu. Hakuwahi kuonana na daktari wa mambo hayo. Hofu ikimshika, humenya maharage. Nyumbani kwake wamekula maharage miaka mingi.

Hippolyte akamweleza ile dawa ya kutaja vitu. Wakataja viatu, mfupa wa kuku, na soksi ya bwana harusi iliyotoboka kisigino. Mama Viviane alisema kweli inasaidia kidogo, hasa ile soksi.

"Sasa toka, Papa, umalize maneno," akasema. "Miye nitakuja nyuma yako."

Akatoka, akapangusa vumbi, akamaliza shukrani. Ukoo wa bwana harusi ulidhani ni desturi ya Kanada. Wakapiga makofi.

Baada ya hapo Hippolyte akazoea kwenda Bendera kumtembelea Mama Viviane. Walikaa uani, wakiongea kidogo. Alipona? Hapana, pikipiki ikikohoa bado aliruka. Lakini pale hakulazimika kueleza kwa nini.

Siku moja jirani wa Mama Viviane, Papa Germain, aliyerudi toka kambini bila kupelekwa ng'ambo kokote, alisimama uani akauliza wanafanya nini kila mara.

"Tunapumzika," Mama Viviane akamjibu.

Papa Germain alifikiri kidogo, akaenda kwake, akarudi na kiti.