Sahani ya Alumini Niliyoipeleka Butare

Nilitoka Kamembe kwa sababu ya sahani moja ya alumini. Mwalimu wa fizikia huko Butare alikuwa amenitumia karatasi ya vipimo, maana mimi ndiye niliyebaki na mashine ya kukereza chuma. Sahani yao ya kwanza iliibwa wakati wa vita; pengine leo inafunika sufuria ya mtu. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi nilitakiwa niwe nimerudi, nisimame mbele ya gacaca, baraza la kijiji linalohukumu mauaji ya wakati ule, niseme nani alimuua mdogo wangu Alphonse. Huo ndio uliokuwa mzigo wangu. Sahani niliishika mkononi tu.

Majina nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Sebahire alimpiga kwa rungu. Nsengiyera alifunga njia ya nyuma asitoroke. Na Kabano, jirani yetu, naye alimpiga. Sioni haya kuwataja. Wao hawakuona haya.

Saa kumi na mbili asubuhi, Kamembe. Nilipanda lori la saruji lililotoka Muganza. Dereva, Papa Zawadi, mtu wa Bukavu, alikitazama kitambaa nilichokikumbatia.

"Papa Gaspard, hiyo kitu unabeba kama mutoto iko nini?"

"Sahani."

"Ya bugali? Basi huyo mwenye kukula iko muntu mukubwa!"

Sikucheka. Alicheka yeye kwa niaba yetu wawili.

Nyungwe. Msituni kulikuwa na baridi na ukungu, na askari walitusimamisha mara mbili, kwa kuwa vita vya Kongo vilikuwa havijalala. Askari wa pili alifungua kitambaa, akajitazama ndani ya sahani, akaweka kofia yake sawa, akanirudishia. Nilijivuna. Nilikuwa nimeing'arisha siku nzima.

Butare, mchana. Mwalimu Godeliva, mama mwembamba aliyekulia Bukavu, alinipa chai na mandazi kabla ya neno lolote la kazi. Kisha akanionyesha chombo chenyewe: chungu cha chuma chenye vidirisha vya kioo ubavuni. Ndani sahani mbili zinatazamana. Pampu inanyonya hewa, gesi kidogo inaingizwa, halafu umeme unaotetemeka kama ule wa redio unapelekwa kwenye sahani, na gesi inawaka bila moto.

Akaifunga sahani yangu, akasubiri pampu, akawasha. Katikati ukatokea mwanga wa zambarau, umetulia kama maziwa kibuyuni. Niseme kweli, kwa muda nilisahau kuwa na hasira.

Yeye alitazama mishale ya vipimo, akazima. Alipoitoa sahani aliibana kwa kalipa, kile kipimio cha unene.

"Papa, umeongeza."

"Unene wa ukucha tu, Maman. Kwetu fundi hapimi kama mchoyo. Mtu akileta kazi, anapewa na nyongeza."

"Aksanti kwa roho muzuri. Lakini hapa inaniharibia."

"Si imewaka?"

"Imewaka. Sikia, Papa. Zamani kila mwalimu alikuwa na chungu chake. Huyu anapata hivi, yule anapata vile, banagombana nani muongo. Ndipo bakapatana: chungu cha namna moja, kipimo kimoja, kila inchi. Sasa nikisoma hapa, mwenzangu wa mbali anasoma vilevile, tunaaminiana hata hatujaonana. Wewe ukiongeza ukucha, sahani zinakaribiana. Yote nitakayoandika, batasema: yule mama wa Butare, mwache na mambo yake."

"Hata yale ya kweli?"

"Hata yale ya kweli. Nani atayachambua?"

Chuo kilikuwa na karakana ndogo. Nikaifunga sahani kwenye mashine, nikaanza kuitoa ile nyongeza, alumini ikidondoka kama nywele za kinyozi. Mikono ikifanya kazi, Kabano akanijia. Siku Alphonse alipouawa nilikuwa nimejificha kifudifudi kwenye migomba, na nilichomwona Kabano akifanya ni kung'oa mlango wetu. Aliubeba kichwani akapita mbele ya Alphonse, naye Alphonse anamwita kwa jina. Hakugeuza shingo. Lakini hakumpiga. Pigo lile nilimwongezea mimi, kwenye karatasi. Majirani wawili walioona kutoka upande mwingine hawakulitaja, na ndugu za Sebahire wangeshika uongo huo mmoja wautupe ushahidi wangu wote.

Mwalimu alipima tena. "Sasa iko yenyewe."

Jumatano nilirudi kwa lori lilelile. Papa Zawadi akauliza kama yule mukubwa alishiba. Safari hii nilicheka kidogo. Tuliposimama Gikongoro nilimwomba kalamu, nikafuta mstari mmoja kwenye ile karatasi yangu ya majina.

Alhamisi nilisimama. Nikamtaja Sebahire na rungu lake. Nikamtaja Nsengiyera na njia aliyoifunga. Kabano alikuwa ananitazama, anasubiri lake. Nikasema: "Huyu aliiba mlango wetu, Alphonse akiwa hai, anamwita. Hakumpiga."

Aliinamisha kichwa zaidi ya wale wawili. Sijamsamehe. Nilichojifunza Butare ni kidogo: uchungu wangu hauhitaji nyongeza. Mlango ule, ukipimwa sawasawa, uzito wake unamtosha.