Mama Aliyepunguzwa

Kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Buffalo, kaskazini mwa Marekani, wiki sita baada ya kumzika mama, akaniambia kwamba amempunguza.

"Video ni mukubwa sana, haiingie mu ile gemu yako," alisema. "Bon, nilimupunguza mama. Sasa anaingia."

Neno hilo sikulipenda. Anayepunguza ametoa kitu, na mimi nilitaka kujua ametoa nini. Siku chache kabla ya kufa, mama aliwabariki watoto wake wanne mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza hadi kitinda mimba, kaka akirekodi video. Mimi ni wa tatu. Tangu niolewe na mwanamume ambaye mama alimkataa, hakunisemesha tena, miaka tisa mizima. Nilitaka jambo moja tu: kusikia kama alinisamehe.

Link mimi sifungui, hata itoke kwa ndugu, matapeli wamejaa. Kompyuta sina. Nina kigemu cha mkononi, kizee, ninachochezea saa ya mapumziko kule ghalani ninakofanya kazi, Jeffersontown, na hicho kinapokea kadi ya kumbukumbu na kuonyesha video. Basi kaka akanitumia kadi kwa posta.

Nilikaa jikoni, nikakiwasha. Picha ilikuwa ndogo kama biskuti, inakwenda kwa kurukaruka, midomo ya mama ikitangulia sauti yake. Akambariki wa kwanza. Akambariki wa pili. Akataja jina langu, na picha ikaganda. Ilipozinduka, mama alikuwa anamwombea mdogo wetu.

Nilirudia mara saba. Iliganda palepale kila mara. Mashine mbovu huharibu popote, haichagui jina la mtu. Na kaka ndiye aliyempiga vita mume wangu kuliko wote. Nikampigia.

"Yaya," nilimwita, kama tunavyowaita wakubwa wetu, "pale kwangu ulikata?"

"Pengine nilikata bila kujua. Ile mashini haina nguvu, na miye siko fundi. Unisamehe, dada."

Kaka yangu haombi radhi hata akikukanyaga. Hapo nikajua ana hatia, na nilimchukia, sitaficha.

Jumamosi niliendesha gari kutoka kwangu Louisville mpaka Gahanna, nyumbani kwa mdogo wetu, maana yeye alikuwa na video nzima kwenye kompyuta. Nilipomwambia nilichofuata, alikimbilia sahani.

"Yaya, uache ile. Tukule kwanza."

Nikaona wamepanga pamoja. Sikula. Nilisimama nyuma yake mpaka akaifungua.

Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, mama alikuwa mzima. Pazia nyuma yake lilipepea. Alitaja jina langu, akafungua mdomo, akaufunga. Pazia liliendelea kupepea na yeye akaendelea kunyamaza.

Kisha nikasikia sauti ya kaka, karibu na kamera. "Mama, umubariki na yeye."

Mama akatikisa kichwa.

"Mama, tafazali. Ni mutoto wako."

Akatikisa tena. Kaka aliomba mara ya tatu, na sauti ikamkatika katikati. Mama akageuza uso, akaanza kumwombea mdogo wetu.

Mdogo wetu hakunitazama. Kaka alikuwa amekata kweli, tena kwa makusudi. Nilikaa chini nikalia, na kwa muda mrefu nilikuwa namlilia kaka, siyo mama.