Kiota Nilichokikomba

Cheka ukitaka, nimeshazoea. Mimi si mtu wa majini wala waganga. Nimezaliwa Kasingirima, kando ya ziwa, nimevua dagaa tangu sijaota ndevu. Ila hili niliona kwa macho yangu haya, saa saba mchana, jua la utosi.

Zilikuwa siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliki, mitumbwi yote imelala. Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu, na mimba yenyewe haikutaka kingine ila mayai ya mnandi, yule ndege mweusi mpiga mbizi. Basi mimi na shemeji yangu Shabani tukawasha injini mpaka kijisiwa kimoja cha mawe, kusini kabisa, kisichokaliwa na mtu. Ndege tupu! Mawe meupe kwa mavi yao, kelele mpaka masikio yanauma. Shabani alibaki kushika mtumbwi.

Sheria ya kule kila mvuvi anaijua: kila kiota, acha yai moja. Na niliacha, wallahi. Ila kiota cha mwisho kilikuwa na matatu, na mfuko wangu haujajaa. Nikakikomba. Nani ataniona?

Kelele zikakatika. Nageuka, namwona mama mtu mzima, kajifunga kitenge cheusi, kakaa juu ya kiota kilekile. Kaja na nini, na mtumbwi ni wetu peke yake? Ndege wamemtua mabegani wala hawaogopi. Hata hivyo, heshima ni heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Una watoto?"

"Wawili. Wa tatu yuko njiani."

"Na mimi hapa umeniachia wangapi?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Nikadanganya. "Mmoja, mama."

Akainuka taratibu, akakitazama kiota kitupu. "Haya. Na mimi nitakuachia mmoja."

Nikapiga magoti kumwaga mfuko mzima palepale. Nilipoinua kichwa, hayupo. Shabani anaapa hakuona mama yeyote. Aliniona mimi, mtu mzima na akili zangu, naamkia mnandi. Alicheka njia nzima. Nyumbani nikamwambia mke wangu ndege wamehama.

Mimba ilitoka wiki ileile. Msimu uliofuata, mnandi wanapotaga, mwanetu wa pili akashikwa na homa siku mbili tu, tukamzika. Shabani hajacheka tena, na ziwani haendi.

Tumebaki na Zuhura, kifunguamimba wetu. Ziwani simruhusu hata kuosha vyombo. Mama yake ananiita mkorofi, hajui, na sina ubavu wa kumwambia. Nitaanzia wapi?

Wewe ukifika kule, acha yai. Na ukikutana na yule mama ukiwa umekosa, sijui nikushauri nini, maana kila nikimtazama Zuhura najiuliza: ningesema kweli, angeniachia nani?