Koti Jeupe Nililolishona

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, hajawahi kufanya kazi ya dawa hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima unamwita Daktari, na jina hilo lilitokana na sisi wenyewe, mezani kwetu, kabla chai haijapoa.

Baba mkwe aliongoza chama cha kupinga ulevi kwa miaka thelathini. Picha yake ipo sebuleni mpaka leo: amevaa tai, na mkononi ameshika daftari la majina ya watu walioapa mbele yake kwamba hawatagusa pombe. Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu. Mimi nilifundisha jiografia katika shule ya wasichana. Hatukuwa na mali ya kutajika, lakini tulikuwa na jina, na jina hilo lilitufungulia milango ambayo wenye magari waliibisha wakachoka. Kwa hiyo shemeji alipoleta barua ya ajira kutoka hoteli kubwa, upande wa baa, mume wangu aliisoma mara mbili, kisha akaikunja ndogo kabisa, kama mtu anayetaka kuimeza.

"Baa," alisema.

"Kazi ni kazi, kaka. Mimi mwenyewe sinywi, nimo kwenye daftari la baba."

"Najua hunywi. Walimwengu ndio hawajui."

Shemeji alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi, akitupalilia bustani ambayo haikuwa na magugu tena. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aikatae barua ile. Mume wangu akanitazama, na mimi ndiye niliyesema, "Tuseme amepata kazi ya dawa."

Sikuona kama ni uongo mkubwa. Shemeji alikuwa ametueleza kwamba atawekwa kwenye meza ya kinywaji kimoja tu, kinachotengenezwa kwa majani machungu ya pakanga, na pakanga mimi niliijua tangu utotoni kuwa dawa ya minyoo. Mama alitunywesha huku ametubana pua. Wiki ileile nikamshonea koti jeupe la mikono mirefu, lenye mfuko wa kalamu kifuani. Nililishona vizuri mno.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa nne, shemeji alitoka getini na koti lake, akapita mbele ya majirani wote, akaingia hotelini kwa mlango wa wafanyakazi, akalivua, akavaa kizibao cheusi. Jioni jua likiwa bado lipo alilivaa tena akarudi. Huenda alikuwa mhudumu wa baa pekee duniani aliyekwenda kazini kama anakwenda kupima watu damu.

Kinywaji chenyewe kinaitwa absinti. Ni pombe kali ya kijani, ya pakanga na mbegu za shamari, na hainywewi vivi hivi. Glasi huwekwa mezani, juu yake kijiko bapa chenye matundu, juu ya kijiko donge la sukari. Kisha kuna mtungi wa kioo wenye maji ya barafu na kibomba chembamba. Maji hudondoka juu ya sukari tone kwa tone, sukari inalainika, inashuka, na kile kijani kilichokuwa angavu kinaanza kufuka ukungu mpaka glasi yote inakuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Aliyeharakisha bomba ameharibu. Shemeji hakuharakisha, na wageni wakampa jina la Matone.

Alizoea kunisimulia jikoni nikichambua mchele. Mimi, mkwe wa mtu wa lile daftari, nilizijua habari za walevi wa absinti kuliko walevi wenyewe. Kulikuwa na msafiri aliyesoma mahali kwamba mtu akinywa huona viumbe wa kijani. Akamaliza glasi, akaona glasi tupu, akamwita meneja kwa ukali. "Nimeambiwa watu huona vitu!" Shemeji akamwambia, "Mzee, umemwona meneja. Wengine hata huyo hawamwoni." Kulikuwa na mpima ardhi aliyesema kinywaji hiki si kama bia: kichwa kinabaki ofisini, miguu ndiyo inakwenda likizo. Baba mmoja wa bwana harusi alikataa maji, akaibugia kavu mbele ya wakwe zake, akakaa robo saa mdomo wazi, kisha akasema neno moja: "Betri." Na kulikuwa na wakili, mwanamke mtulivu, aliyekuja kila Ijumaa mchana. Huyu aliinamia glasi akavuta harufu ya shamari, akasema ni harufu ya kabati la bibi yake, peremende zikiwa chini ya kanga. Hakuwahi kunywa zaidi ya nusu, na mara nyingine alitoka macho yamemlowa.

"Na wewe unaona nini?" nilimuuliza siku moja.

"Mimi naona kijiko, shemeji."

Tulicheka. Lakini hali yake haikuwa ya kuchekesha. Hotelini kila mgeni alimuuliza ladha ya kitu asichopata kukionja. Nyumbani kila jirani alimuuliza habari za dawa asizozijua. Alijitengenezea jibu moja tu la kuwapa majirani: "Nenda kituo cha afya, wakakuangalie vizuri." Akaumwa mtu jino, kituo cha afya. Akavimba mtu mguu, kituo cha afya. Watu wakamsifu. "Daktari wetu si kama hao wauza vidonge," walisema, "huyu hana papara." Wahenga walituambia njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikwenda miaka kumi na tisa.

Mwaka wa saba mume wangu alifariki. Mwaka wa nane mkunga alihamia nyumba ya pili kutoka kwetu.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono mipana, kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Zamu yake ilianza muda uleule wa shemeji, wakawa wanaongozana mpaka njia panda, koti jeupe na gauni jeupe. Mtaa uliona ukaridhika: daktari na mkunga, nani angetaka zaidi? Mimi niliona kitu kingine. Niliona shemeji akitoka dakika kumi mapema ili wasikutane, siku ya pili akichelewa makusudi ili wakutane.

Hatimaye akaja jikoni, akasimama mlangoni.

"Shemeji, kaka hayupo. Wewe ndiye mkubwa wangu. Nataka ukaniposee."

"Kwa mkunga?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Atauliza unafanya kazi gani."

"Ndiyo maana nataka uende wewe. Ukimwambia wewe, inakuwa imesemwa na nyumba. Nikimwambia mimi, nimekuwa mwongo peke yangu."

Alikuwa na haki, na nilijua. Lakini wakati huo chama kilikuwa kinamalizia ukumbi wake mpya, na kilikuwa kimeniandikia barua kwamba kinakusudia kuupa jina la baba mkwe. Nikawaza viongozi wakiambiwa kwamba mwanawe hudondosha maji kwenye pombe ya kijani. Nikamwambia shemeji angoje, msiba wa kaka yake bado mbichi. Msiba ulipokauka nikamwambia angoje ukumbi ufunguliwe. Alingoja. Mtu aliyezoea kungoja tone kwa tone hakosi subira, na mimi nililitumia hilo.

Kisha ikaja siku ya chupa. Ilikuwa Jumapili mchana, shemeji yuko nyumbani, koti limeanikwa kwenye kamba. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mwanamke fundi cherehani, aliingia getini mbio na chupa ya dawa ya kikohozi ya mama yake mzazi. Karatasi ya maelezo ilikuwa imeloa maji, maandishi yote yamekwenda.

"Daktari, niambie, vijiko vingapi? Kikohozi kimemshika vibaya."

"Nenda kituo cha..."

"Kituo cha afya ni mimi," sauti ikasema nyuma yake. Mkunga alikuwa ameegemea nguzo ya geti, kapu la mboga mkononi. Hakuwa anacheka. "Na leo nipo hapahapa. Sema wewe, Daktari. Au sema hujui. Yote mawili ni majibu."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi. Alikuwa amemfungulia mlango, akausimamia usijifunge. Shemeji aliishika ile chupa kama anavyoshika kijiko chake, kwa ncha za vidole, na akanitazama mimi. Hakumtazama mkunga. Alikuwa anaomba ruhusa.

Nikasema, "Leo ni siku yake ya kupumzika jamani. Mkunga, hebu msaidie mwenzio."

Mkunga aliichukua chupa, akainusa, akauliza maswali mawili, akamwambia fundi aimwage na wampeleke mama wakapate nyingine. Walikwenda pamoja. Mama yule alipona, anaishi mpaka leo na ana ulimi kuliko sisi sote. Shemeji aliingia chumbani kwake, akafunga.

Kesho yake asubuhi mapema mkunga alinifuata kwenye kamba ya nguo.

"Mama Mwalimu, yule hafanyi kazi ya dawa."

Niliendelea kuanua nguo.

"Nimejua tangu mwezi wa kwanza. Mtu wa dawa hanukii shamari na sukari kila jioni. Tena nimepeleka ndugu zangu hotelini pale siku ya maonyesho, nikamwona kwa mbali. Anaifanya kazi ile vizuri sana." Akashika mkono wa koti uliokuwa unaning'inia kati yetu. "Sina neno na kazi yake. Nataka aniambie mwenyewe tu, au nyinyi mniambie. Kazi yangu imenifundisha kwamba mficha uchi hazai. Mwambie nimesema hivyo."

"Nitamwambia," nilisema.

Sikumwambia. Ukumbi ulifunguliwa mwezi uliofuata, nikakata utepe. Mwaka ule ulipoisha mkunga aliomba uhamisho, akaja kuaga, akamshika shemeji mkono kwa muda mrefu mbele yangu. "Haya, Daktari," alisema. Baadaye tulisikia ameolewa na mwalimu mmoja mjane huko alikokwenda.

Shemeji hakumtaja tena. Aliendelea kutoka saa nne, tofauti ni kwamba sasa hakuwahi wala hakuchelewa.

Mwezi uliopita alistaafu. Hoteli ilimpa saa ya ukutani na chupa moja ya absinti, haijafunguliwa, pamoja na kijiko chake cha matundu. Aliileta nyumbani imeviringishwa ndani ya koti, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Nilipita chini ya chupa ile kwa wiki mbili. Siku ya kumi na tano, baada ya chakula cha mchana, nilimwambia yote: kamba ya nguo, maneno ya mkunga, ahadi yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mezani.

"Nilijua kwamba anajua," alisema.

"Ulijua?"

"Alinusa bega langu siku moja njia panda, akacheka peke yake. Mtu hacheki vile bila kujua."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nilikuwa nangoja wewe, shemeji. Koti umelishona wewe. Nilidhani siku moja utaniambia, haya, livue."

Aliinuka, akaishusha chupa, akaleta glasi mbili sebuleni, chini ya picha ya baba yake. Hatukuwa na mtungi wenye kibomba. Alitumia birika la chai, na maji yalidondoka kutoka mdomo wa birika tone kwa tone bila mkono wake kutikisika. Nilitazama kijani kikififia. Wakili wa Ijumaa alisema kweli kuhusu harufu. Nilionja. Utamu ulitangulia, halafu ukaja ule uchungu wa utotoni, wa kubanwa pua, ukakaa kwenye mzizi wa ulimi ukakataa kuondoka. Sikuona kiumbe wa kijani wala wa rangi yoyote. Kichwa changu kilikuwa wazi kuliko nilivyotaka.

Yeye alinywa funda moja, la kwanza katika maisha yake.

"Betri?" nilimuuliza.

"Dawa ya minyoo," alisema. "Kumbe hukudanganya sana."

Hapo geti likalia. Fundi cherehani aliingia bila hodi kama kawaida yake, akasimama kwenye kizingiti cha sebule.

"Daktari, afadhali nimekukuta. Mguu umevimba tena."

Niliweka glasi chini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kusema, na nilisema kwa sauti ya darasani: "Jirani, huyu si daktari. Hajawahi kuwa. Alikuwa mhudumu wa baa hotelini, na hii hapa mezani ndiyo kazi yake. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Fundi alitutazama, akatazama glasi, akaitazama picha ya baba mkwe ukutani. Kisha akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Mama Mwalimu! Leo umeamkia utani! Nyumba hii, pombe? Hiyo ni maziwa na shamari, naisikia harufu. Ni ya tumbo, eti, Daktari?"

"Nakwambia kweli," nilisema.

"Na mimi nakwambia mguu. Daktari, mwambie shemeji yako aache mzaha."

Shemeji alinitazama kama siku ile ya chupa. Safari hii ruhusa alikuwa nayo, nimempa mbele ya shahidi, na haikumfaa kitu. Alifuta midomo kwa kitambaa.

"Nenda kituo cha afya, dada," alisema, "wakakuangalie vizuri."

"Ndiyo maana nakupenda," fundi alisema akigeuka kwenda zake. "Huna papara."

Tuliosha glasi. Alasiri shemeji alitaka kwenda kununua mkate. Alifika getini, akasimama, akarudi chumbani, akatoka amevaa koti.