Jakaranda katikati ya majani yangu

Siku ya kwenda Beni kununua miche tulikuwa wawili: mimi na muke wa mudogo wa bwana yangu. Tunakaa parsele moja, kiwanja kimoja, hapa Butembo, upande wa Rughenda, nyumba mbili, na udongo ni wa baba-mukwe. Fasi ya mbele, kandokando ya barabara, ilikuwa bado wazi. Nilikuwa ninaitaka kwa kujenga butiki yangu, na kila mutu pale nyumbani alijua.

Sitaficha, yule mwanamuke nilimuonea jaluzi, wivu kabisa, tangu harusi yake. Akipika mboga ya sombe, baba-mukwe anaomba tena. Yangu anaonja, anafunika.

Muuza-miche alikuwa na jakaranda na majani ya pasipalum, yale ya kufunika udongo mbele ya nyumba. Mwenzangu alichukua jakaranda, kakijiti tu. Mimi pia nilikuwa nimeshika moja, lakini nikawaza: komunyo ya mutoto wangu iko karibu, bageni batakuja, muti utakuwa bado fimbo. Majani yatakuwa yamefunika kila kitu. Acha mwenzangu aone haya mbele ya bageni. Nikarudisha muti, nikachukua mifuko tatu ya majani.

Alipanda kakijiti kake katikati ya ile fasi ya mbele. Baba-mukwe aliona, akanyamaza. Mimi nikapanda majani yangu pande zote, mpaka kwenye shina lake. Asubuhi na magaribi nilibeba bidon, nikamwanga maji. Siku ya komunyo bageni balivua viatu kabla ya kukanyaga pale. Yeye alipita na sahani kando ya kakijiti kake, na roho yangu ikatulia kabisa.

Desturi ninaijua. Kwetu, mutu akipanda muti na hakuna aliyemukataza, udongo ule umekuwa wake. Majani hapana, hata mupangaji anapanda majani. Nilijua vizuri, mais jaluzi ilinifunga macho.

Miaka ikapita. Juzi jakaranda ilipotoa maua ya kwanza, baba-mukwe aliita familia ili agawanye parsele. Alisimama kule mbele, akashika shina.

— Huu muti ni wa nani?

— Ni wangu, baba, mwenzangu akajibu. Mais yaya huyu, mukubwa wangu, ndiye aliumwangia maji, tangu siku ya kwanza.

Alisema kwa roho safi, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Baba-mukwe akanigeukia, akanipa mukono mbele ya bote.

— Aksanti, mutoto wangu. Umemutunzia mwenzako udongo wake.