Hicho Chuma Hakiondoki

Kwanza tuelewane: Elinipendo hakurudi kijijini kwao Masama kuja kufa. Watu wa huko wana tabia hiyo. Wakimwona mwanamke wa miaka hamsini na mbili, ndoa imemshinda, anaingia na mabegi yake nyumbani kwa baba yake, basi wanaanza kumsemesha kwa sauti ya msibani. Yeye aliitikia pole zao, akaweka mabegi chini, akaenda moja kwa moja kwenye banda la ng'ombe kuitafuta mashine.

Ni mashine ya zamani ya kupigia ribiti, vile vijisumari vinene visivyo na ncha vinavyoshikanisha bati na bati. Ni chuma kitupu, na inamfika mtu kifuani. Unakanyaga kanyagio, gurudumu zito la ubavuni linazunguka, nyundo inashuka kwenye fuawe, ribiti inalala. Baba yake, marehemu Mzee Ndelilio, aliitumia miaka thelathini kutengenezea matranka ya wanafunzi katika karakana moja mjini Moshi. Karakana ilipofungwa, mwenye karakana akampa mashine aende nayo. Aliyekuwa akimshikia baba bati ni Elinipendo. Mdogo wake Eliakim alikuwa akikimbia kelele.

Akaikuta imefungwa ng'ombe. Sikutanii. Tangu mzee afariki, watu wa nyumbani waliona chuma kile hakitikisiki, wakakigeuza nguzo. Miaka kumi na moja ng'ombe amesimama hapo, anatafuna migomba, anakojoa palepale, mpaka miguu ya mashine imelika kama mkate uliolowa. Na gurudumu halikuwepo. Alipouliza, akaambiwa ni wezi. Wezi gani wanaobeba gurudumu la kilo themanini na kumwacha ng'ombe?

Sasa Eliakim. Huyu ni kitinda mimba, na kwa desturi ya Wachagga nyumba ya baba na kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka, humwangukia kitinda mimba wa kiume. Desturi haimtaji binti. Bwana yuko Dar, anaonekana Krismasi tu. Mwezi wa nane akapiga simu.

"Dada, nikija Desemba navunja hilo banda, naweka maegesho. Hicho chuma uwe umeshawapa watu wa chuma chakavu. Na wewe tutakutafutia chumba pale sokoni Kwa Sadala."

"Hicho chuma hakiondoki," Elinipendo akasema. "Na mimi pia."

"Basi tutaongea kwenye kikao cha ukoo," Eliakim akasema, akakata simu.

Maegesho, jamani. Ya gari linalolala pale siku nne kwa mwaka.

Elinipendo alijifunga kibwebwe. Alitaka kuishi kwa kazi ya mikono yake, kwenye banda lile, na alijua Krismasi ikiikuta mashine bado ni nguzo ya ng'ombe, hana cha kuwaambia wazee. Akamhamisha ng'ombe, akaosha banda, akailowesha mashine kwa dizeli. Bolti moja peke yake ilimchukua siku tisa: dizeli, makaa ya moto, nyundo, dizeli tena. Alisugua kutu kwa brashi ya waya hadi vidole vikachubuka. Majirani waliopita na mikungu yao ya ndizi walimuuliza kama amekosa kazi. Akawaambia kazi ndiyo hiyo wanayoitazama. Miguu iliyooza akaikata, akaikalisha mashine kwenye fremu mpya.

Shafti, yaani mhimili unaobeba gurudumu, ilikuwa ikicheza, akashuka nayo Moshi kwa mzee Fikirini, fundi wa kuchonga vipuri. Huyu hakumcheka. Aliigeuza shafti mwangani, akaipitishia kidole.

"Mama, chuma hiki hakijachoka," akasema. "Zilizochoka ni bushi."

Akamchongea mbili za shaba, zile pete zinazoishikilia shafti isicheze. Gurudumu akalipata Kibosho, kwenye mashine ya kumenyea kahawa iliyotelekezwa. Likawa jepesi. Nyundo ilishuka kwa uvivu na ribiti ikabaki imesimama, inamtazama. Siku hiyo alilia, tena kwa hasira. Kisha akafuta kamasi, akachukua mapande ya chuma, akayafunga kwa bolti kwenye ukingo wa gurudumu, moja moja, huku akijaribu. Tarehe kumi na tisa Desemba ribiti ya kwanza ikalala sawasawa.

Eliakim alipofika alichungulia bandani, akaiona mashine, akaingia zake ndani. Siku ya pili ya Krismasi, mbuzi ameshaliwa na ukoo umekaa uani, alisimama akiwa na jani la isale mkononi, limefungwa fundo. Mchagga akikuletea jani hilo anakuomba radhi, na huwezi kukataa. Ukilikataa, umejitenga na ukoo wako.

"Dada," akasema, "kama kuna mahali nimekukosea, naomba unisamehe. Yaishe. Utupishe banda kwa amani."

Mnaona ujanja huo wa macho makavu? Elinipendo akilipokea, ametoa banda. Akilikataa, amekosana na wote. Wazee wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Shangazi Aikaeli, mkubwa wao wote, akamwambia apokee.

Elinipendo hakuunyoosha mkono.

"Nitapokea, shangazi. Ila isale huletwa kwa kosa, na kosa sijalisikia. Alitaje."

Bibi yule akamgeukia Eliakim. "Ana haki," akasema. "Eliakim, taja."

Eliakim akaanza habari za ukali wake kwenye simu.

"Hilo nilishalisahau," Elinipendo akasema. "Taja jingine."

Jani lilikuwa bado liko mkononi mwa Eliakim, na shangazi hakumwondolea macho.

"Niliuza gurudumu la mashine," Eliakim akasema. "Kwa watu wa chuma chakavu. Hata msiba wa baba tulikuwa hatujaumaliza."

Wazee wakainamisha macho. Elinipendo akasimama, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mdogo wangu," akasema, machozi ya kweli yakimtoka. "Jani hili linafuta kosa lako. Halinifuti mimi. Sihami."

Mzee mmoja alitaka kusema kitu kuhusu desturi. Shangazi Aikaeli akamnyamazisha kwa mkono, akaegemea fimbo yake, akainuka.

"Eliakim," akasema, "nenda nyumbani kwangu ukaniletee ndoo ya maziwa. Mkono wake umeng'oka. Dada yako ataupiga ribiti bandani mwake."

Eliakim akaenda kuileta.