Dalali Aliyekufa Mlangoni

Mwenye nyumba wetu pale Majengo alitupa notisi huku akitabasamu. Alikuwa amenunua televisheni na deki, na chumba chetu ndicho alichokipangia kuwa ukumbi wa video. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anauza kitu, naye aliamua kuuza sinema za karate. Mimi nilikuwa na mimba iliyokwisha kuanza kunitangulia mlangoni, na mume wangu alikuwa mwalimu kutoka Bukoba asiye na shangazi wala binamu Songea nzima. Tulihitaji nyumba kabla mtoto hajafika, basi. Mtu mwenye akili zake angelia. Sisi tulikuwa vijana na tulipendana vibaya, tukaona imekuwa sikukuu: tunakwenda kununua nyumba!

Kwanza tumpate dalali. Miaka ile madalali waliota kama uyoga, na mume wangu alimchagua mmoja kwa sababu ya tai. Alikuwa pia na brifkesi na miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani. Alitupeleka kwenye nyumba moja nzuri, akasukuma mlango kama wa kwao, akaanza kutuonyesha sebule. Mara mama mmoja akatoka jikoni na mwiko, ugali bado umeganda juu yake, akatuuliza sisi ni akina nani. Nyumba haikuwa inauzwa! Dalali alikuwa amesikia tu kwamba baba mwenye nyumba kahamishiwa Mbeya. Tulitoka mbio, mimi na tumbo langu, tukicheka mpaka nikashikilia ukuta wa watu ili nipumue.

Wa pili nikamchagua mimi. Alikuwa mama wa Kihehe aliyeuza mitumba sokoni na kufanya udalali pembeni, mwenye sauti ya kumgeuza mtu aliyeko ng'ambo ya barabara. Nilimwambia nimesikia kuna mzee wa Kingoni anauza nyumba yake Matogoro, ila kila dalali anayekwenda anamfukuza.

"Mngoni?" akapiga makofi. "Huyo mtani wangu! Niachieni mimi."

Mume wangu alinung'unika kwamba hana hata ofisi. Nikamwambia ofisi yake ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana enzi za mababu, wakaishia kuwa watani, na mtani akikutukana huruhusiwi kununa. Niliona bei itashuka yenyewe.

Mzee tulimkuta barazani. Tulimwamkia shikamoo kwa heshima zote, lakini dalali wetu hakuamkia, alishika kiuno.

"Mla panya! Hii ndiyo nyumba, au ndipo unapofugia kitoweo chako?"

Mzee aliinuka taratibu, macho yakimmeremeta. "Ee, mla mbwa amefika! Majirani, fungieni mbwa wenu!"

Wakaendelea hivyo nyumba nzima. Chumba hiki ni jeneza, dari ile imeshonwa na kipofu, choo kile Mngoni alikichimba akiwa anakimbia vita. Mzee alijibu moja baada ya moja, na kila tulipofika mlango mwingine bei ilikuwa imelegea kidogo. Mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza. Niliona dirisha la chumba cha nyuma, na milima imejaa dirishani, na hapo chini, mawazoni mwangu, pakawa tayari na kitanda cha mtoto. Niliitaka ile nyumba mpaka meno yakauma.

Ndipo mume wangu, aliyenogewa na furaha ya watu, akaona naye achangie.

"Kwa kweli, mzee," akasema huku akicheka, "kwetu Bukoba nyumba kama hii tungeweka mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Mzee alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni mtani wangu?"

"Hapana, mzee."

"Basi umenitukana. Nyumba haiuzwi. Kunyweni maji mwende."

Nilitamani kumkaba mwalimu wangu pale pale. Lakini kabla sijafungua mdomo, dalali wetu alijitupa kizingitini, chali, khanga imetandazwa, macho kayafumba.

"Nimekufa! Mtani wako nimefia mlangoni kwako! Utanizika wewe, na ng'ombe wa matanga utamchinja wewe!"

Majirani wakatoka. Mzee akaagiza jembe, amfukie kwenye migomba. Maiti ikajibu, "Uza nyumba kwanza, ndipo unifukie." Mzee alijizuia, akajizuia, halafu mabega yakaanza kutikisika, akaketi chini kabisa akipangusa machozi. Mume wangu akapiga magoti kando ya marehemu.

"Na wewe ulinitukana kama nani?" mzee akamuuliza.

"Kama mjinga, baba."

"Hapo umesema kweli," akasema mzee, na nyumba ikawa yetu.

Siku ya kukabidhiana, mjumbe wa mtaa akiwa shahidi, vyombo vya mzee vilikuwa vimepakiwa kwenye pikapu iendayo Peramiho, kwa binti yake. Mzee alisimama sebuleni na ufunguo mkononi, hautoi. Dalali wetu alimwangalia, akapapasa ukuta kwa kiganja, akasema polepole, kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo:

"Mtani, ulijenga nyumba nzuri."

Mzee alitikisa kichwa. "Usinifanyie hivyo. Nitukane, mtani. Nitukane nitoke."

Mama yule akavuta pumzi, akamfokea mpaka mtaa ukasikia, akimtukania panya wake, babu zake na miguu yake iliyopinda, huku machozi yakimchuruzika. Naye mzee akaniwekea ufunguo kiganjani, akatoka akicheka.